Pua Hazilingani: Dania, Sabuni na Jeni Iitwayo OR6A2



Watu wa pwani tumejaaliwa kuishi ndani ya harufu. Mgeni hahesabiwi kuwa amekaribishwa mpaka chetezo kimepita mbele yake. Bibi harusi hapambwi bila ya kikuba, asumini na mrihani. Na mwenye kupita vichochoro vya Mji wa Kale baada ya magharibi aweza kujua, hata akifumba macho, ni nyumba gani inakaanga samaki na ni ipi imechemsha maziwa kwa iliki. Kwa kuwa harufu imetuzunguka kiasi hicho, twadhani kwamba sote twaisikia namna moja. Mmoja akisema kitu chanuka na mwenziwe akisema chanukia, aghalabu twahukumu kwamba mmoja wao ni mwongo, au ana lake jambo.

Wiki hii twataka kuitazama dhana hiyo, kwa kuwa tumeiona ikivunja masikilizano ya nyumba.

Miongoni mwa mashauri yaliyowahi kuletwa barazani kwetu, lipo moja ambalo wenyewe wameturidhia tulitaje bila ya majina. Mume alilalamika kwamba chakula cha mkewe chanuka sabuni. Mke akaosha vyombo mara tatu, akabadilisha sabuni, akanunua sufuria mpya, na lalamiko likabaki pale pale. Akaitwa mama wa mume, akala, akasema chakula hakina kasoro. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani mke alijenga hoja ambayo wengi tungeijenga: maadamu mama amekila chakula na kukisifu, basi mume anatafuta sababu, na huenda ana pengine anapokula. Neno la talaka lilikuwa limeshaanza kunong'onwa na jamaa wa pande zote mbili.

Tulipowauliza kwa utaratibu, tuliona jambo. Sabuni haikuwamo katika wali wa nazi, wala katika pilau, wala katika mahamri. Ilikuwamo katika kachumbari, katika chatini, na katika mchuzi ulionyunyiziwa majani mabichi dakika ya mwisho. Tukamwomba bibi apike wiki moja bila ya kutia dania, hayo majani ambayo wengine huyaita kotmiri au giligilani. Sabuni ikatoweka. Mume hakuwa mwongo, na mke hakuwa mchafu.

Tangu hapo tumekuwa tukiyasoma mambo ya pua, na yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Kila kitu chenye harufu huachilia hewani chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Juu kabisa ndani ya pua, chini ya mfupa unaoitenga pua na ubongo, pana kiraka kidogo cha ngozi laini yenye ute, na ndani yake zimo seli za fahamu mamilioni kadhaa. Kila seli imechomoza vinyweleo vyembamba, na juu ya vinyweleo hivyo zimekaa protini ambazo wataalamu huziita vipokezi vya harufu. Molekuli ikiingia pamoja na pumzi hutua juu ya kipokezi kinachoafikiana nayo. Kipokezi hujipinda kidogo, seli huamka, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Lugha yetu husema kwamba mtu "asikia" harufu, wala haikukosea, kwa kuwa pale penye kipokezi kibovu mtu huwa kiziwi wa harufu hiyo hata kama nyingine zote azisikia barabara.

Tena tusidhani kwamba kazi hii ni ya kunusa peke yake. Tunapotafuna, mvuke wa chakula hupanda kutoka kooni na kuingia puani kwa mlango wa nyuma. Ulimi wenyewe wajua machache tu: tamu, chumvi, chachu, uchungu, na ule utamu wa supu ya nyama. Yaliyobaki, yaani tofauti kati ya bizari na mdalasini, au kati ya embe na nanasi, hutoka puani. Ndiyo sababu mwenye mafua hula biriani akaiona kama wali mtupu.

Sasa tuseme kidogo juu ya hicho kipokezi. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo asidi amino, na kipokezi cha harufu huwa na vipande zaidi kidogo ya 300, yaani tasbihi tatu zilizofungwa pamoja na ziada ya shanga chache. Mnyororo huo huingia na kutoka katika utando wa seli mara 7, kama sindano ya mshona kofia, na katika mikunjo yake hubaki mfuko mdogo ambamo molekuli ya harufu hukaa. Jeni ndiyo maandishi yanayoeleza shanga ipi ifuate ipi. Herufi moja ikibadilika katika maandishi, huenda shanga moja ikabadilika. Na shanga hiyo ikiwa mahali nyeti, kipokezi chaweza kuwa kizito wa kusikia, au kikawa chepesi kuliko cha watu wengine. Aliyewahi kusomesha watoto chuoni hahitaji kuelezwa zaidi, kwani ajua jinsi irabu moja inavyoweza kugeuza maana ya aya nzima.

Elimu hii si ya zamani. Mpaka mwaka 1991 hapakuwa na aliyejua vipokezi hivi vimeandikwa wapi. Mwaka huo Linda Buck na Richard Axel, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, walichapisha utafiti walioufanya kwa panya, wakaonyesha kwamba ipo jamii kubwa sana ya jeni zinazofanya kazi ya kunusa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004. Panya ana jeni za namna hiyo zipatazo 1,000. Mwanadamu anazo takriban 400 zinazofanya kazi, na nyingine nyingi ambazo maandishi yake yameharibika na hazisomeki tena. Ukikumbuka kwamba jeni zote za mwanadamu zinazotengeneza protini ni kama 20,000, utaona kwamba moja katika kila 50 imewekewa pua. Wala hatujui kiungo kingine kidogo kama hicho kilichopewa fungu kubwa hivyo.

Kila seli ya pua hutumia jeni moja tu kati ya hizo 400 na kuziacha nyingine zote. Lakini harufu moja huamsha vipokezi vya aina mbalimbali kwa pamoja, na kipokezi kimoja huamshwa na harufu mbalimbali, hata ubongo ukawa unasoma mkusanyiko kama tusomavyo neno lililoundwa kwa herufi. Herufi za Kiarabu ni 28 tu na vitabu vyake havina hesabu. Basi mtu akadirie mwenyewe yanayoweza kuandikwa kwa herufi 400.

Majina ya jeni hizi yamepangwa kama nasaba. Chukua hii tuliyoitaja juu ya makala haya, OR6A2. Herufi mbili za mwanzo zatambulisha kabila, yaani vipokezi vya harufu. Nambari 6 ni ukoo. Herufi A ni mlango ndani ya ukoo huo. Nambari 2 ni mwenyewe hasa. Makao yake ni katika kromosomu ya 11, ambayo imebeba jeni za kunusa nyingi kuliko kromosomu nyingine yoyote.

Na sasa turudi kwenye dania. Majani yake mabichi yana molekuli za jamii ya aldehaidi, na molekuli za jamii hiyo hiyo hupatikana katika baadhi ya sabuni, na pia katika ule uvundo wanaoutoa baadhi ya kunguni wa mimea wanapoguswa. Kwa hiyo mwenye kusema "sabuni" hakuzua. Ametaja kitu kilichomo kweli, isipokuwa pua ya mwenzake husoma maneno mengine katika jani lile lile na kupita juu ya hilo. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya 23andMe ya Marekani, ambayo wateja wake hupeleka mate yao kupimwa jeni, waliwauliza zaidi ya watu 14,000 wenye asili ya Ulaya kama dania huwapa ladha ya sabuni. Walipolinganisha majibu na jeni za watu hao, tofauti ikaonekana katika sehemu moja ya kromosomu ya 11 palipokusanyika jeni kadhaa za kunusa. Kati ya hizo, OR6A2 ndiyo iliyoelekezewa kidole, kwa kuwa kipokezi chake kinajulikana kuamshwa na aldehaidi.

Mwaka huo huo ulitolewa utafiti mwingine, wa vijana wa mji wa Toronto nchini Kanada, ambao ulihesabu wanaoichukia dania kwa kufuata asili zao. Wenye asili ya Asia ya Mashariki walikuwa asilimia 21, wa Ulaya 17, wa Afrika 14, wa India na jirani zake 7, na wa Mashariki ya Kati 3. Nambari hizi zatugusa sisi, kwa kuwa pwani yetu ni mahali ambapo damu ya Afrika, ya Uarabuni na ya Bara Hindi zimeoana kwa karne nyingi, na sinia moja huweza kukaliwa na warithi wa zote tatu.

Lakini asije mtu akalifanya jambo hili kuwa kinga ya kila uchaguzi wa chakula. Watafiti hao wa Marekani wenyewe walisema kwamba jeni huchangia sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Aliyelelewa na chatini ya dania tangu utotoni huenda akawa na jeni ile ile ya sabuni na asijue, kwa kuwa amezoea. Kijana akatae bamia leo, mbaazi kesho na samaki kesho kutwa, kisha aseme ni jeni? Huyo ana deko, na dawa ya deko haimo katika makala haya.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jeni nyingine, OR7D4. Kipokezi chake husikia molekuli iitwayo androstenoni, ambayo imo katika jasho la mwanadamu, na pia katika nyama ya nguruwe dume, nyama ambayo haiingii majikoni mwetu na kwa hiyo yatosha kuitaja tu. Mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu vya Rockefeller na Duke walionyesha kwamba ipo namna ya jeni hii ambayo hutofautiana na ile ya kawaida kwa shanga mbili tu. Wenye jeni ya kawaida aghalabu husikia uvundo wa jasho au mkojo. Wenye ile iliyobadilika huisikia kwa udhaifu, au husema ni tamu kama vanila, na wapo wasiosikia kitu kabisa. Molekuli ni ile ile, chupa ni ile ile, na wote wasema kweli.

Na wavuvi wetu wasione kwamba wameachwa nje. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa watu zaidi ya 11,000 wa Iceland, nchi ya wavuvi kama sisi. Wachache kati yao, wenye mabadiliko katika kipokezi cha ukoo mwingine kiitwacho TAAR5, walinusa ule uvundo wa samaki aliyelala wasichukizwe nao, na baadhi yao wakataja vitu visivyohusiana na samaki hata kidogo, kama viazi na waridi. Mtu wa namna hiyo akienda sokoni asitegemee pua. Atazame macho ya samaki na afunue matamvua yake.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu kama si udhaifu wa imani mtu kukichukia chakula cha halali. Jibu limo katika sira. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipofika Madina alikaa katika nyumba ya Abu Ayyub al-Ansari, na Abu Ayyub akawa akimpelekea chakula. Siku moja kilirudi hakikuguswa, kwa kuwa kilitiwa kitunguu saumu. Abu Ayyub akaingiwa na hofu, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, isipokuwa Mtume aliichukia harufu yake. Kisa hiki amekipokea Imam Muslim. Na kipo kile cha nyumbani kwa Bibi Maimuna, ilipoletwa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani aliye kama kenge, Mtume akaondoa mkono wake, akaeleza kwamba si haramu bali mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake na nafsi yake haikumpenda. Khalid bin Walid akaivuta sahani upande wake akala, na Mtume anatazama.

Tumevisoma visa hivi tangu ujana wetu kwa ajili ya hukumu zake, na hukumu ni wazi: kuchukia si kuharamisha. Asiyependa asimkataze apendaye, na apendaye asimlazimishe asiyependa. Bali twaomba pia itazamwe adabu yake. Mtume hakumtukana mpishi, wala hakusema chakula ni kibaya. Abu Huraira amesimulia kwamba hakuwahi kukitia dosari chakula. Akikitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Mume wa shauri letu, Mwenyezi Mungu amsamehe, alikosea hapo. Alikuwa na haki ya kutokula, lakini hakuwa na haki ya kusema mbele ya watoto kwamba mama yao haoshi vyombo.

Hapa tuseme neno moja pembeni. Tunaletewa kwenye simu jumbe nyingi zinazodai kwamba kila kilichogunduliwa maabara kilikwisha kuandikwa wazi katika aya fulani. Hatuzipendi jumbe hizo. Qur'ani haikutaja OR6A2, wala haikupungukiwa na kitu kwa kutoitaja. Imetwambia katika Suratul Rum kwamba kuhitilafiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni ishara kwa wenye elimu, na hilo latutosha kutufanya tusishangae tukiona hitilafu katika pua.

Kwa wazazi twaongeza jambo. Kila mtoto hurithi nakala moja ya jeni kwa baba na moja kwa mama, na nakala hizo zaweza kutofautiana. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, waliokaa sinia moja, huweza kutofautiana juu ya kijiko kimoja cha mchuzi. Kumpiga mmoja kwa kuwa mwenzake amemaliza ni dhulma. Mwulize chakula chamnukia nini. Mtoto mdogo hajui kudanganya kwa ufundi. Akisema sabuni, na akasema hivyo hivyo kila mara kwa jani lile lile, mwamini.

Na kwa wenye wazee nyumbani. Seli za pua hufa na kuzaliwa upya maisha yote, jambo ambalo seli nyingi za fahamu hazilifanyi, lakini kadiri umri unavyosogea kuzaliwa huko hupungua, na kunusa hufifia polepole bila ya mwenyewe kutambua. Bibi aliyesifika mtaa mzima kwa mkono wake wa kupika huanza kuzidisha chumvi na bizari. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hasikii gesi inapovuja kwenye mtungi, wala hajui kwamba maziwa yameharibika. Wengi waliougua Covid mwaka 2020 na 2021 walionja hali hiyo kwa wiki kadhaa, na wengine kwa muda mrefu zaidi. Mzee aishiye peke yake na apitiwe kila siku na mwenye pua nzima, amfungulie chupa ya maziwa na kukagua mpira wa mtungi. Si vizuri kungoja mpaka alalamike, kwa sababu hana cha kulalamikia. Harufu asiyoisikia kwake haipo.

Vivyo hivyo kwa wanaojifukiza udi na kujipaka mafuta mazito kabla ya kwenda msikitini. Pua huchoka na harufu iliyoizoea, na baada ya muda mfupi mwenyewe haisikii tena, akaongeza. Aliye kando yake katika safu aisikia yote. Apimiwe na mkewe au mamaye, asijipimie mwenyewe.

Yamebaki ya jikoni, na haya tumeyapata kwa akina mama pamoja na vitabu. Aldehaidi za dania hupotea upesi kwa moto, kwa hiyo majani yaliyoiva ndani ya mchuzi huudhi kidogo kuliko yaliyonyunyiziwa mwisho. Majani yakipondwa au yakisagwa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuzivunja molekuli hizo. Chatini iliyosagwa barabara na kuachwa itulie kabla ya kuliwa huweza kupokewa na mtu ambaye jani zima hulitema. Mbegu zake zilizokauka, zile tuzisagazo na kutia katika bizari, zina harufu ya molekuli nyingine kabisa, na wengi wanaolia sabuni kwa majani hawana neno na mbegu. Na palipo na mmoja asiyeweza kabisa, kachumbari ikatwe kama kawaida, vitunguu, nyanya, pilipili na ndimu, na dania iwekwe katika kibakuli chake kando ya sinia, kila mtu ajitilie.